Keki ya Magadi

Mume wangu alirudi kutoka kwao Makueni Jumapili jioni akiwa na gunia la mbaazi na ujumbe. Mbaazi alizitua mlangoni bila shida. Ujumbe aliuzungusha mdomoni mpaka nikamaliza kupakua ugali, nikamwambia aseme au ale, asinitafunie maneno. Akasema mama yake angekuja kututembelea mwisho wa mwezi. Akamega tonge, akaongeza kwamba huenda akarudi na mimi.

Nilikuwa na mimba, tena ya kwanza. Na mama mkwe alikuwa amesema kwamba mwanamke hazalii mahali asipokuwa na watu. Kitengela, alivyoisikia, ni mahali watu wanapolala tu wakisubiri kwenda kazini. Uchungu ukinishika na mume yuko zamu kiwandani Athi River, nitamwita nani? Kwa hiyo atakuja ajionee. Akikuta niko na watu, nitabaki. Akikuta sina, tutaondoka pamoja nikazalie nyumbani.

Asiyejua mambo ya kwetu atasema hiyo ni huruma, na kweli huruma ilikuwemo. Lakini mimi nilikuwa na mfano mbele yangu. Mke wa shemeji yangu mkubwa alikwenda kuzaa hivyo hivyo, kwa mwezi mmoja tu, akaambiwa. Mtoto alinyonya, akaachishwa, akaanza shule, na mama yake yuko kule kule anapalilia mbaazi, mumewe akija Krismasi kama mgeni wa heshima. Mimi sikuolewa ili nitunze picha ya harusi. Nilimpenda yule mwanamume, na kelele zake za kukoroma pamoja, na nilitaka kukaa naye nyumba moja.

Shida ni kwamba mama mkwe alikuwa amesema ukweli. Sikuwa na watu.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Kitengela ya wakati ule ilikuwa barabara moja ya lami, maduka kando yake, halafu uwanda mtupu na upepo. Asubuhi nyingine ungefungua mlango ukute nyumbu wamepita karibu na kamba ya nguo. Tulikaa katika vyumba vya mabati vilivyopangwa kwa mstari, kila mlango na jiko lake nje, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi uling'ang'ania viatu mpaka unatembea kama umefungwa matofali. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi yangu niliivuta mwenyewe. Nina hasira za karibu na ulimi wa mbio. Watoto wa jirani wakikanyaga nguo zangu nilizoanika, mtaa mzima ulijua. Basi watu walinisalimu vizuri, wakapita.

Majirani waliokuwa karibu kabisa walikuwa wawili. Mkono wa kushoto alikaa mama mmoja kutoka upande wa Kakamega, mnene, mcheshi, aliyezaa mapacha, na ndiyo sababu kila mtu alimwita Mama Pacha. Nyuma ya vyumba, katika nyumba yake mwenyewe na zizi lake, alikaa mama mzee Mmaasai ambaye ploti ile ilikuwa yake. Tulimwita Yeyo, yaani mama, kama watoto wake walivyomwita. Kila asubuhi alinisalimu, “Takwenya,” nami nikajibu, “Iko,” na hapo mazungumzo yetu yalikwisha, kwa sababu Kimaasai changu kilikuwa kimeisha na Kiswahili chake hakikuwa na safari ndefu.

Nilikaa na lile jambo siku mbili, nikanuna, nikamjibu mume wangu kwa kichwa. Kisha nikaamua kwamba kununa hakujawahi kumpa mtu jirani. Shuleni tulifundishwa kuoka keki, na nilikumbuka jinsi ya kuoka bila jiko la stima: unaweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, unatia sufuria ndogo juu ya mchanga, unafunika, halafu unapanga makaa juu ya kifuniko ili moto uje kutoka pande zote mbili. Ningeoka, ningechemsha chai ya maziwa, ningewaita. Tena ningeanza mapema, kwa maana mama mkwe hakuwa mjinga. Urafiki wa siku moja angeunusa kutoka mlangoni.

Keki ya kwanza ilikuwa na mayai manne na ilitoka vizuri hata mimi nikajishangaa. Mama Pacha alikula vipande vitatu na kuniambia kwamba alikuwa akidhani mimi ni mlokole wa kuogopa watu. Yeyo alipokea kipande chake kwa mikono miwili, akasema, “Ashe,” yaani asante, akakiangalia, akakifunga kwenye pembe ya shuka lake. Akanywa chai akamaliza, akaenda.

Jioni nilimkuta mbuzi wake nyuma ya nyumba akila keki yangu.

Damu ilinipanda. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Pacha, nikamwaga yote: makaa yangu, mayai yangu, mgongo wangu unaouma, na mtu anampa mbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta kiti. Akaniambia Yeyo hali mayai wala kuku. Wazee wengi wa Kimaasai hawali. Kwao kuku ni ndege tu kama ndege wa porini, na yai ni la kumwachia ndege mwenyewe. Alichukua keki kwa heshima asinitie aibu, na mbuzi akaimaliza kwa heshima vilevile. “Mimi nilikuja hapa na jogoo wa kumpelekea zawadi,” alisema. “Nilirudi naye. Kwetu huyo jogoo ndiye mgeni wa heshima, hapa hata salamu hakupewa.” Nilijaribu kubaki na hasira yangu nikashindwa. Tulicheka wote wawili, na kuanzia siku hiyo Mama Pacha aliingia kwangu bila kubisha hodi.

Kwa hiyo ilibidi keki isiwe na yai. Na siku niliyotaka kuijaribu, duka letu halikuwa na beking pauda. Mtu mwingine angengoja. Mimi nilikuwa na kipande cha magadi cha kupikia maharagwe, kile cha jiwe jeupe kinachotoka huko ziwani Magadi, ambacho bila hicho mama yangu hawezi kuchemsha isyo, yale mahindi na maharagwe yetu. Nikawaza: magadi yakiingia kwenye maji ya moto hutoa povu, hulainisha mahindi magumu kama changarawe, basi unga laini yatashindwaje kuuinua? Nikayatwanga, nikapima kijiko kilichojaa kama ningepima beking pauda, nikakanda na maziwa freshi ya ng'ombe wa Yeyo.

Ilitoka imelala chini, ngumu, na njano kama imepakwa rangi. Mama Pacha alionja, akatafuna akifikiria, akasema ingefaa kufulia mashati ya shule.

Ningeacha hapo. Lakini kiangazi kilikuwa kimeanza kukaza, na wana wa Yeyo waliswaga ng'ombe kuelekea Mashuuru kutafuta majani. Maziwa freshi yakakatika. Yeyo mwenyewe alikuwa anajiandaa kwenda huko kumwona binti yake, na kabla ya kuondoka alikuja mlangoni kwangu na kibuyu cha maziwa yaliyoganda. Alinipa, akagusa tumbo langu kwa kiganja, akasema, “Kunywa, nakerai. Hiyo mtoto iko na njaa.” Nakerai ni mtoto wangu. Nilibaki nimesimama na kibuyu mkononi, na sitaficha, machozi yalinilenga, kwa sababu ni siku nyingi mtu mzima hakuwa ameniita mtoto wake.

Nilikunywa mengi. Yaliyobaki nikayatia kwenye unga, kwa kuwa sikuwa na maziwa mengine, nikapunguza magadi yakawa nusu kijiko. Nilipokoroga, unga ulianza kuvuma na kufura wenyewe kama umewekwa motoni. Nilishtuka nikataka kuumwaga. Kisha nikafanya haraka kuutia kwenye sufuria, nikafunika, nikapanga makaa, nikakaa kando na hofu yangu. Baada ya muda niliona kifuniko kimeinuka kidogo upande mmoja, makaa yakiteleza. Keki ilikuwa inasukuma.

Ilikuwa laini. Ilikuwa na harufu kidogo ya moshi, ule moshi wa kijinga cha mti ambacho wanawake wa Kimaasai hutumia kusafishia vibuyu, na uchachu wa mbali. Na bado ilikuwa njano vilevile. Hiyo njano ni ya magadi, haitoki. Mama Pacha na mimi tuliimaliza na chai ya rangi siku hiyo hiyo, na mapacha wakaramba sufuria mpaka ikahitaji kuoshwa kidogo tu. Yeyo hakuionja. Alikuwa Mashuuru.

Mama mkwe alifika Ijumaa na kiondo chake, mkanda wa kikundi cha akina mama wa kanisa ukiwa umefungwa kiunoni juu ya sweta. Hakuwa mwanamke mkali. Alikuwa mbaya zaidi: mpole anayeangalia. Aliuliza maji yanatoka wapi, akanifuata mpaka kwa mwenye mkokoteni wa punda, na nilijua hakufuata maji. Alikuwa anahesabu walionisalimu. Alitazama nafasi kati ya nyumba yetu na ya jirani. Kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, aliniambia kwamba nyumba ni safi, mtoto wake amenenepa, na je, nguo zangu nyingi ziko kabatini au ziko kwa sanduku? Nilijibu ziko kabatini. Akasema, “Aya,” kama mtu anayeandika kichwani.

Jumamosi alasiri niliwaita. Yeyo alikuwa amerudi asubuhi ile ile, vumbi la safari bado miguuni, na alikuja amevaa shanga zake zote. Mama Pacha alikuja na mapacha waliopakwa mafuta mpaka wanateleza. Mume wangu aliketi pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa, maana viti vilikwisha. Wale wazee wawili walisalimiana muda mrefu, mmoja kwa Kimaasai na mwingine kwa Kikamba, kila mmoja akiitikia mahali alipodhani salamu imefika. Mama mkwe akaombea chai. Aliombea na ng'ombe waliotoa maziwa, na wasafiri, na waliolala hospitalini, mpaka chai ikaanza kutengeneza utando.

Nikakata keki, niliyoikanda kwa maziwa mengine yaliyoganda, ya kununua. Ilikuwa imefura kuliko ile ya siku ile, na ilipopasuliwa ndani yake iling'aa njano. Nilimpa mama mkwe kwanza, halafu Yeyo.

Yeyo alipokea kwa mikono miwili. Akakiangalia kipande. Akasema, “Ashe.” Kisha nikaona vidole vyake vikitafuta pembe ya shuka.

Nilimwelewa, maana njano ile angeiona mtu yeyote akajua ni mayai. Lakini mama mkwe hakujua habari za mayai wala mbuzi. Alichoona ni mama mwenye ploti, jirani wa karibu kuliko wote, akikunja chakula cha mkaza mwanawe asikile mbele ya watu. Alikuwa ameweka kipande chake kwenye sahani na macho yalikuwa kwenye shuka. Nilihisi mtoto akigeuka tumboni. Nilijiona tayari nimeshika jembe kule Makueni.

Nikasema, “Yeyo, hii haina mayai. Nimekutengenezea wewe.”

Alitabasamu, tabasamu la mtu anayekusamehe uongo mdogo. Mama Pacha akaingilia, akaapa kwamba hakuna hata yai moja, lakini nani angemsikiliza Mama Pacha kwa habari ya kuku? Yeyo akamgonga goti polepole na kuendelea kufunga. Hasira zangu zote, ambazo hunijia bila kuitwa, siku hiyo zilikataa kuja. Niliogopa tu.

Mama mkwe alichukua kipande chake tena. Alikinusa. Alimega, akatafuna upande wenye meno, akafumba macho kama anasikiliza redio ya mbali. Kisha akamwambia Yeyo kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, “Hii si yai, mama. Hii ni magadi.”

Yeyo akamtazama.

Mama mkwe akamtazama mwanawe aliyekaa kwenye ndoo. Akanitazama mimi. Nilimwona akipima kitu, na sikujua ni nini. Halafu akaingiza mkono kifuani, chini ya sweta, na kutoa kikebe kidogo cha bati na kitambaa kilichofungwa fundo. Kikebe kilikuwa cha ugoro. Mama wa kikundi cha kanisa, aliyewahi kumtoa mume wangu kwenye ibada enzi za ujana wake kwa sababu alinuka sigara, alikuwa ananusa tumbaku. Mume wangu nusura aanguke kwenye ndoo. Mama mkwe hakumjali. Alifungua fundo, akatoa kipande cha magadi, yale wanayosagia kwenye tumbaku ili ichome, akakiweka kwenye sahani kando ya keki. “Onja,” alimwambia Yeyo. “Halafu onja hii.”

Yeyo alilamba kidole, akagusa jiwe, akalamba. Akamega keki kidogo sana, ncha tu. “Emakat,” alisema, akiyataja magadi kwa lugha yake, naye akaanza kucheka, cheko la chini lililotikisa shanga. Akaingiza mkono wake mwenyewe ndani ya shuka na kutoa kikebe chake. Vilikuwa karibu sawa. Wale wazee walibadilishana ugoro mbele ya wote bila haya yoyote, wakapiga chafya, wakafutana machozi, na Yeyo akala kipande chake chote na kunyoosha mkono apewe kingine.

Baadaye, chai ikiwa ya pili, mama mkwe aliuliza lile lililomtoa nyumbani kwake kuja kuuliza. Alimuuliza Yeyo moja kwa moja, bila kunizunguka: huyu akishikwa na uchungu na mwanamume hayuko, ataita nani?

“Haitaji kuita,” Yeyo alisema. “Hii mabati haifichi kitu. Hata wakigombana mimi nasikia.”

Mume wangu akaanza kukohoa. Mama Pacha akasema yeye pia husikia, na kwamba kwa kawaida mimi ndiye ninayeshinda. Mama mkwe hakucheka. Aliitikia kwa kichwa na kuomba sukari. Mpaka tunalala hakuwa amesema anaamua nini, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Nilikunja nguo zangu chache, nikaziweka kwenye begi, kwa sababu afadhali kujikunjia mwenyewe kuliko kukunjiwa.

Asubuhi mume wangu alitoka na mizigo miwili, kiondo cha mama yake begani na begi langu mkononi, uso wake ukiwa kama wa mtu anayekwenda mazishi. Nilimpenda zaidi kwa uso ule. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia, amesimama kwenye uwazi wa zizi la Yeyo. Aligeuka akaona begi.

“Hilo ni la nani?” alimuuliza mwanawe kwa Kikamba. “Lirudishe ndani. Anayesafiri ni mmoja.”

Yeyo alitoka akijifunga shuka. Mama mkwe akanishika mkono, akauweka ndani ya mkono wa Yeyo, kavu na wenye nguvu za kukamua, na akaushikilia hapo. “Nimekuachia huyu,” alisema kwa Kiswahili. “Yeye ana mdomo mrefu. Mvumilie. Akizaa, uniambie wewe, usiache wanaume waniambie.” Kisha akafungua kiganja changu kingine, akakitemea mate kidogo, jinsi wazee wa kwetu wanavyobariki. Yeyo aliona, akaelewa bila mkalimani. Akainama, akanitemea mate kidogo kifuani, jinsi wazee wa kwao wanavyobariki.

Nilisimama pale kwenye upepo nimeloweshwa na wamama wawili, nikilia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeniambia ninyamaze.